Nyota Nane

"Geuka kwanza," Germain alimwambia mke wake.

Gertrude alikuwa amesimama mlangoni pa sebule na sahani ya bukari, ugali wa kwetu, mkononi, na alidhani masikio yamemdanganya. Miaka kumi na tisa huyu mwanaume amekuwa akivua suruali mbele yake bila kumwambia ageuke. Ametapika malaria mapajani mwake bila kumwambia ageuke. Leo anataka kuandika neno moja kwenye mashine, na mke aangalie ukuta.

"Nigeuke wapi?"

"Kule, ku photo ya ndoa."

"Juu ya nini?" Gertrude alitaka sababu.

"Mama Chérie, usinifanyie vile mbele ya bantu."

Hao bantu walikuwa mtu mmoja tu, Mademoiselle Hortense, katibu wa shule ya mission, aliyekalia kiti cha Gertrude na kunukia poda mpaka mchuzi ukapoteza harufu yake. Yeye alikuwa ameshageuka. Hakuambiwa mara mbili. Alielekeza uso dirishani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Ile adabu ndiyo iliyomuudhi Gertrude kuliko kitu kingine. Mwanamke asiye na la kuficha hageuki upesi namna ile.

Basi naye akageuka. Lakini picha ya ndoa ilikuwa na kioo, na Germain, pamoja na akili zake zote za ofisi, hakukumbuka kioo. Juu ya shela lake mwenyewe, juu kabisa ya kifua cha yule kijana aliyemwoa, Gertrude aliona mwanga wa bluu, na ndani ya mwanga nyota ndogondogo zikitokea moja moja kila Germain alipobonyeza kidole. Alizihesabu. Zilikuwa nane.

"Tayari," Germain alisema. "Sasa imefungwa. Hata aje nani."

Gertrude aliweka bukari mezani. Aliiweka kwa nguvu.

* * *

Ile mashine haikununuliwa. Germain alikuwa karani wa kampani miaka kumi na sita, na miezi isiyo na mshahara ilipozidi ile yenye mshahara, wakubwa waligawa vitu vya ofisi ili watu wanyamaze. Mmoja alipata kabati, mwingine feni isiyozunguka. Germain akapata ordinateur, yaani kompyuta, na printer yake. Aliileta mtaani kwao Kikula juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka, na majirani walifuata nyuma polepole wakidhani wanasindikiza msiba. Wiki ile ile akaandika kwa chaki juu ya mlango: SECRÉTARIAT. Barua, maombi, mambo yote.

Mambo yote yalikuwa mazuri isipokuwa kwamba Germain hakujua kuiwasha. Ndiyo Hortense akaja, Jumanne na Alhamisi, kumfundisha, kwa sababu alisoma mambo hayo Lubumbashi. Na kwa kuwa nyumba haikuwa na faranga, Hortense alilipwa makayabu. Makayabu ya nani? Ya Gertrude. Mtoto wa Tshangalele, aliyekulia kwenye samaki wabichi wa ziwa, sasa alikuwa akiuza sokoni samaki wa mbali aliyekaushwa kwa chumvi mpaka akawa kama ubao, na kipande kizuri kuliko vyote, cha tumboni, kilimwendea yule aliyekalia kiti chake. Hortense alikipokea kwa ncha mbili za vidole, akakifunga kwenye karatasi ya printer, akasema, "Merci, mama." Mama! Walipishana miaka saba.

Halafu mambo ya kikwembe. Germain alisema mashine inaogopa vumbi. Akafungua sanduku la mke wake na kutoa kikwembe cha ndoa, kile kitenge cha maua ya njano ambacho Gertrude alikuwa akikihifadhia siku ya Chérie, binti yao, kuzaa huko Kolwezi. Akaivisha mashine. Tangu siku ile Gertrude aliiita mbanda, maana kwetu mke mwenzako ni mbanda, na huyu alikuwa na nguo, alikuwa na kiti, na asubuhi mume alimgusa yeye kwanza.

Kufuli lenyewe lilikuja kwa sababu ya Papa Gracien. Alikuwa akiwaandikisha wafanyakazi wa zamani wa kampani katika listi ndefu ya kupeleka Lubumbashi, kila mmoja na dai lake. Mteja mmoja, Germain alipokwenda chooni, akaisoma listi, na kufikia jioni Kikula yote ilijua nani alijiandikia watoto kumi na moja akiwa nao wanne. Papa Gracien alilia. Hortense akasema kuna dawa: mashine inapoamka tu, kabla haijapata akili, unabonyeza kifungo kimoja, inafunguka fasi ya bluu, mahali penye Kiingereza kitupu, pale unaweka neno. Toka siku ile, bila neno, haiamki.

Dawa nzuri. Ila neno lenyewe ni lipi?

* * *

"Nane," Gertrude alimwambia Berthe sokoni. Berthe aliuza chumvi na sabuni meza ya pili. "Nilizihesabu na macho yangu. Sasa hesabu weye. H, O, R, T."

"Ulijuaje namna banaliandika?"

"Si iko ku mulango wa kanisa, ku listi ya chorale? Nilisoma leo asubuhi. H, O, R, T, E, N, S, E." Alisimamisha vidole nane hewani mbele ya mteja aliyekuwa akiuliza bei.

Berthe alifikiri. "Na Gertrude ni ngapi?"

"Juu ya nini unauliza Gertrude?"

"Hesabu tu."

Gertrude alihesabu. Ilikuwa nane. Akakasirika zaidi. "Berthe, weye uko na akili kweli? Mwanaume anaficha jina ya muke yake? Ya mule nyumba, banaliita siku nzima, atalifichia nini? Bantu banaficha ya inje."

Berthe alirudi kupanga sabuni zake, na mpaka leo mimi naona hoja ile haijibiki.

"Sasa utafanya nini?"

"Sanduku iko tayari chini ya kitanda. Nikijua tu kama ni jina ya mwanamuke, hata ya mufu, narudia Tshangalele. Abaki na mbanda yake, amupikie sombe."

Alisema huku akimfungia mteja kipande, na mteja, mama mmoja wa mtaa wa Panda, akasahau kuomba apunguziwe bei kwa jinsi alivyokuwa akisikiliza.

* * *

Alhamisi Germain alikwenda msibani, na Hortense akaambiwa asije. Gertrude aliingia kutoka sokoni na beseni la makayabu aliyoloweka ili kutoa chumvi, akaliweka mezani kando ya mashine, akamvua mbanda kile kikwembe cha njano, akabonyeza pale alipoona kila siku Germain akibonyeza. Ikalia kidogo. Skrini nyeusi, maneno meupe ya Kiingereza, na kamstari kanakopepesa kanamngoja.

Hakuwahi kugusa vile vifungo. Masista walimfundisha miaka sita kusoma, kuandika na kushona, lakini masista waliweka alfabeti kwa mpangilio wake. Huyu aliyetengeneza mashine alimwaga herufi kama mtu anayemwagia kuku mahindi. Alitafuta H. Akaipata. Nyota moja. Akatafuta O. Nyota ya pili. Kidole kilikuwa na maji ya chumvi, kikaacha doa kila kilipopita. R. T. E. Roho ilikuwa ikimpiga kama msichana anayesoma barua isiyo yake. Akapata N.

Germain akakohoa kwenye geti.

Gertrude aliruka. Kiwiko kikagonga beseni, beseni likainama, na maji yote ya makayabu yakaingia kwenye vifungo. Alizima, akafuta kwa kikwembe cha ndoa, akaivisha tena, na Germain alipoingia alimkuta akichambua sombe, majani ya muhogo, na kuimba wimbo wa kanisa. Wimbo wa Kwaresima, na ilikuwa mwezi wa kumi.

Kesho yake vifungo viliongea vyenyewe. Germain akibonyeza B, zinatoka nne. Akiacha, zinaendelea. Aliinama, akanusa.

"Inanuka chumvi."

"Labda inatoka jasho," Gertrude alisema. "Unaitumikisha sana."

"Mama Chérie."

"Ao ni Mademoiselle. Si tunamulipa makayabu? Anashika na mikono, halafu anashika mashine. Minye huwa nakatazwa kuishika."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Germain alikuwa amemkataza mbele ya wateja: mikono yako iko na samaki, Mama Chérie, karatasi itanuka. Wateja walicheka. Gertrude alicheka nao siku ile, na tangu siku ile hakukisahau kicheko kile.

* * *

Vifungo vipya vilitoka Zambia, kwa mfanyabiashara wa Kasumbalesa aliyekuwa na deni la barua tatu. Vilikuwa vyeupe, safi. Jumamosi Germain aliviunganisha mbele ya Papa Gracien, aliyevaa koti kabisa kwa sababu Jumatatu alikuwa apande treni na listi. Hortense alikuja kusaidia. Gertrude alibaki mlangoni na kisu cha samaki, hana sababu ya kuwa pale, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Geukeni," Germain alisema.

Wakageuka, Papa Gracien na koti lake, Hortense na poda yake, Gertrude na kisu chake. Wakasikia vifungo. Wakasikia mashine ikilia kwa sauti ya kukataa. Tena vifungo, tena ikakataa. Mara ya tatu ikakatika kabisa, ikabidi kuizima.

"Uliandika mubaya," Papa Gracien aliuambia ukuta.

"Sikuandika mubaya! Ni neno yangu!" Germain alijaribu mara sita, na kola yake ikaloa. Hatimaye alimgeukia mke wake. "Ulibadilisha."

"Minye? Na mikono ya samaki?"

Walimwita Papa Ambroise, mzee aliyetengeneza mashine za kampani mpaka kampani ilipobaki bila mashine. Alikuja na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakugusa chochote. Aliomba tu vile vifungo vya zamani vilivyokuwa vikikaushwa juani, akaviweka mezani sambamba na vipya, akaangalia huku na huku kama anayelinganisha mapacha, kisha akacheka peke yake.

"Hii ya zamani ni ya Bafaransa," alisema. "Hii ya Zambia ni ya Baingereza. Banapanga herufi tofauti. Sasa sikieni. Ile fasi ya neno, mashine haiyaamka bado. Haisomi ile imeandikwa juu ya kifungo. Inajua tu fasi kidole kimeenda. Germain, vidole vyako vinafwata herufi, na herufi zimehama nyumba."

"Zote?" Papa Gracien aliuliza, karibu kulia.

"Tano tu. A, Q, Z, W, na M. Zingine zote ziko fasi yao. Kama neno ya Germain haina hata moja ya hizi, ingefunguka leo ile ile."

Gertrude alikuwa akihesabu kwa midomo. H, hapana. O, hapana. R, T, E, N, S, E. Hakuna A. Hakuna M. Hakuna hata moja. Alimwangalia Hortense, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na kwamba kifurushi chake cha makayabu alikuwa akikibana kwapani kama mtu mwenye nyumba iliyojaa watu wenye njaa. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameanza, akahesabu na jina lake mwenyewe. Hakuna A. Hakuna M. Hakuna hata moja.

Basi kuna mwingine.

"Iko na A?" Papa Ambroise aliuliza.

Germain aliangalia miguu yake. "Iko."

"Ngapi?"

"Papa Ambroise, nionyeshe tu fasi yake."

"Ngapi?" Gertrude aliuliza yeye, sauti chini.

"Tatu."

"Na M?"

"Moja. Ya kwanza."

M mbele, A tatu, jumla nane. Kisu kilianguka. "Marianna!" Gertrude alipiga kelele. "Marianna wa Kakanda, ule wa mbele ya ndoa! N mbili, niliona ku barua! Miaka makumi mbili, Germain! Kumbe ulimuleta hapa mu nyumba, ukamuvalisha kikwembe yangu!"

"Marianna iko na bajukulu sita!"

"Unabajua mpaka hesabu!"

Aliingia chumbani, akatoka na sanduku. Alilisimamisha katikati ya sebule, kati ya Papa Gracien na printer, na kila mtu akaona limefungwa kamba zamani, siyo leo.

"Sasa sikia. Papa Ambroise amekuonyesha, unaweza kuandika kimya, bantu bote bageuke, mashine ifunguke, listi iende. Lakini ukiandika kimya, minye naenda Tshangalele leo. Sema neno hapa. Na mudomo."

"Mama Chérie, kuko bantu."

"Ile siku uliniambia niangalie photo, kulikuwa bantu vile vile."

Germain aliangalia sanduku. Aliangalia mlango, ambapo jirani wawili walikuwa wameshafika kuomba moto wasiouhitaji. Alikuwa mtu aliyevaa tai kuandikia barua za watu wasio na viatu; aliyewaambia wateja wasubiri "bureau ifunguke" akiwa amekaa nao kwenye benchi moja. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Makayabu," alisema.

"Nani makayabu?" Gertrude aliuliza.

"Hakuna muntu. Makayabu. Ya kula."

Papa Gracien alianza. Kicheko kilimtoka puani, akajaribu kukifunika na koti, kikamshinda. Jirani wakapokea. Papa Ambroise alivua miwani kuifuta. Hortense peke yake hakucheka. Alikishusha kifurushi kutoka kwapani na kukificha nyuma ya sketi.

"Nyamazeni," Germain alisema, na walipokosa kunyamaza aliongea juu yao, akimwangalia mkewe tu. "Banakuambia uchague neno isiyokupotea. Nikafikiri matricule yangu, ile namba ya kampani. Nimeisahau, Mama Chérie. Miaka kumi na sita, nimeisahau. Nikafikiri mishahara, nikafikiri tarehe, vyote vimekwenda. Kile kinarudia mu nyumba hii kila siku bila kukosa ni weye na ile harufu. Basi. Nikaandika."

"Na ukaficha."

"Nitasema ku bantu kama directeur anafungua bureau na samaki?"

Gertrude aliegemea sanduku. Hakujua kama amepewa heshima au ametukanwa. Kwa mwezi mzima alikuwa amejiandaa kushindwa na mwanamke, na sasa ameshindanishwa na samaki, na samaki ni wake. Alihesabu kwa vidole, pole pole. M, A, K, A, Y, A, B, U. Nane.

"Ningejua," alisema, "ningekuletea ile ya tumboni."

* * *

Papa Ambroise alimwonyesha Germain pa kupeleka kidole, mashine ikaamka, listi ikatoka kwa kelele zake zote, na Papa Gracien akaenda nayo. Lakini neno sasa lilikuwa la barabara nzima. Watoto kwenye geti walikuwa wanaliimba.

"Tuweke ingine," Germain alisema.

"Nitaweka minye."

Germain alishangaa, lakini sanduku lilikuwa bado limesimama katikati ya nyumba. Hortense alifungua fasi ya bluu, akamwonyesha mstari, akaondoka kwenye kiti. Gertrude alikikalia. Kilikuwa chake.

"Geukeni," alisema.

Wakageuka wote. Kabla hajaandika aliinuka, akatoa picha ya ndoa ukutani, akailaza kifudifudi juu ya meza. Germain aliisikia ikigonga, na shingo ikamjaa damu, maana ndipo alipokumbuka kioo. Nyota nane. Mashine ikaomba mara ya pili kuhakikisha, naye akaihakikishia.

Kuanzia Jumatatu Kikula iliona kitu kipya. Mteja akifika, Germain alivuka barabara na tai yake mpaka sokoni, akasimama mbele ya meza ya samaki. "Mama Chérie, kuya ufungue." Naye alimaliza kwanza kumpimia mtu wake, akaosha mikono au asiioshe, akaja kwa mwendo wake. Berthe alisema ni mwendo wa bibi harusi. Mimi niliona ni mwendo wa askari wa ushuru.

Germain naye hakulala vizuri, maana alikuwa amehesabu milio ya vifungo. Nane. Ambroise ni nane. Séraphin, yule mwenye duka la baiskeli, ni nane. Alianza kuuliza kwa nini Séraphin ananunua samaki kila Ijumaa. Gertrude alijibu, "Ni Mukatolika."

Alhamisi moja Gertrude alikuwa anarudi nyumbani na beseni kichwani, na kabla ya kufika geti akasikia ngurumo kama ya printer. Ilikuwa siku ya Hortense, na hakuna aliyekuja kumwita afungue mashine. Alishusha beseni chini, akabaki ameshika nguzo ya geti, akimuomba Bikira Maria iwe kitu kingine chochote. Ngurumo ikakohoa, ikapaa. Ilikuwa mashine ya kusagia mahindi ya Madeleine, nyumba ya tatu.

Ndani, Hortense hakuwepo, alikuwa ametuma neno kwamba anaumwa. Germain alikuwa peke yake mbele ya skrini nyeusi, mikono juu ya magoti.

"Nakungojea," alisema.

"Ulijaribu?"

"Nilijaribu."

"Neno gani?"

"Gertrude. Halafu Chérie, hata kama ni sita. Halafu Tshangalele, lakini ni refu, inakatika ku nane." Alikuna shingo. "Halafu nikaacha."

Gertrude alitaka kumwamini kwamba jina lingine hakulijaribu, na karibu amwamini kabisa. Alijifuta mikono kwenye kile kikwembe cha njano, akavuta kiti.

"Geuka."

Akageuka. Sanduku lilikuwa limerudi chini ya kitanda, na kamba yake bado haijafunguliwa. Gertrude alitafuta H kwa kidole chake cha chumvi, akaibonyeza. Kisha O. Kisha R.